Kusoma Bahari kwa Mikono: Kasa, Nyangumi na Papa (Sehemu ya 2)

Wanyama wa baharini wenye uti wa mgongo ni pamoja na samaki, kasa, ndege wa baharini, na wanyonyeshao kama pomboo, nyangumi na nguva. Samaki hutumia matamvua. Wengine wote wana mapafu, hivyo kasa na nyangumi hawana budi kuibuka wavute pumzi. Mtafiti aliye mashuani huvizia pumzi hiyo. Mgongo huonekana kwa nukta chache tu, kisha maji hufunga.

Anayeonekana huamuliwa na msimu. Mwanafunzi wa bara akiteremka pwani likizo ya Agosti huikuta kusi ingali inavuma. Huenda akatapika mashuani kwa mawimbi, hilo ni la kawaida. Lakini ndio wakati nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya, kati ya Julai na Septemba, wakitoka Antaktiki kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Anayetaka bahari shwari na papa potwe angoje kaskazi, aende Kilindoni, kisiwani Mafia, Tanzania.

Kazi ya mikono hasa iko kwa kasa. Huko Watamu, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza 1997, huwalipa wavuvi fidia ndogo wanapotoa taarifa ya kasa aliyenasa wavuni. Kasa hupimwa uzito, gamba hupimwa kwa utepe laini unaofuata mviringo wake, majeraha hukaguliwa, na lebo ya chuma yenye namba hubanwa kwenye pezi la mbele kabla ya kasa kuachiwa. Kipimo cha kwanza hakisemi mengi. Akinaswa tena miaka kadhaa baadaye, ndipo ukuaji wake hujulikana. Ufukweni hupimwa pia joto la mchanga: mayai, ambayo kwa kasa wa kijani mara nyingi huzidi 100 katika kiota, hutoa majike wengi joto likipita takriban nyuzi 29.

Pomboo wa hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti havishwi lebo. Hutambulika kwa mipasuko ya pezi la mgongoni, inayopigwa picha kila safari. Papa potwe naye husomwa kwa madoa ya ubavuni, kwa programu iliyotokana na hesabu za wanaastronomia za kulinganisha picha za nyota. Madoa ya kushoto na ya kulia hayafanani, hivyo picha za pande hizo mbili zikichanganywa, papa mmoja huhesabiwa wawili.