Kichwa Kikubwa kwa Watoto: Kukosa Fedha Kusichelewesha Upasuaji

Na Mwandishi Wetu

Mama anayeona kofia ya mwanawe mchanga ikibana wiki baada ya wiki husikia mengi kutoka kwa majirani: wapo wasemao mtoto amerogwa, na wapo wamshaurio asubiri kwanza. Kauli zote mbili humpotezea mtoto muda. Ugonjwa wa kichwa kikubwa hutokea pale maji yanayouzunguka ubongo yanapokosa kutoka kama kawaida, na kadiri yanavyojaa ndivyo yanavyougandamiza ubongo ambao ungali unakua.

Dalili huonekana bila kipimo kikubwa. Kichwa hukua kuliko mwili, utosi huvimba na kukaza, mtoto hutapika na macho huelekea chini muda wote. Futi kamba ya kliniki, ambayo baadhi ya wazazi huiona kama desturi tu, hugundua tatizo mapema zaidi. Aliyezaliwa na mgongo wazi apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Katika upasuaji, daktari huweka mpira mwembamba chini ya ngozi ili kuyapeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni, ambako mwili huyafyonza. Huduma hii hutolewa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, na katika hospitali za rufaa za kanda zikiwemo Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Upasuaji huzuia madhara kuendelea. Haurejeshi uwezo wa ubongo uliokwisha kupotea.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza watoto walio chini ya umri wa miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Mzazi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa, na asiache nyumbani kadi ya kliniki ya mtoto. Asiye na uwezo achukue pia barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, kisha afikapo hospitali aulize ofisi ya Ustawi wa Jamii kabla ya kulipa chochote. Inasikitisha kwamba baadhi ya familia huuza ng'ombe au shamba kabla ya kuuliza swali hilo moja.

Hata hivyo, msamaha wa matibabu haulipi nauli, wala chakula cha mama anayeuguza mbali na kwao. Kikwazo kwa familia nyingi za vijijini kipo hapo, na hapo ndipo mchango wa ndugu, majirani na nyumba za ibada unapohitajika zaidi.

Nauli hiyo ihesabiwe zaidi ya safari moja. Mpira huweza kuziba au kupata maambukizi hata baada ya miaka kadhaa. Mtoto aliyepasuliwa akipata homa, akitapika au akilala kupita kawaida, arudishwe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.