Mzeituni Mwitu na Muhogo Wetu

Katika Warumi sura ya 11 Paulo ataja tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa katika mzeituni wa shamba. Hapa Busia na Malaba hatulimi mizeituni. Tunalima muhogo, tunaouanika kando ya barabara na kuusaga pamoja na mtama kwa ugali, nao pia una jamaa yake wa mwitu.

Muhogo twaupanda kwa vijiti, si kwa mbegu. Kwa hiyo shamba zima laweza kuwa mti mmoja uliorudiwa mara elfu, kama mizeituni ya shamba ilivyo. Mmoja ukishindwa na ugonjwa, yote imeshindwa. Ndivyo ilivyotupata miaka ya 1990. Huko Uganda virusi viwili vya batobato vilichanganyika, kikatokea kimoja kikali sana. Kikavuka mpaka ndani ya vijiti vya kupanda na kwa inzi weupe (na ni nani awezaye kumkagua inzi pale Malaba?). Majani yakakunjamana, mizizi ikawa myembamba kama vidole, nasi tukanunua unga tuliozoea kuusaga wenyewe.

Dawa nayo ilipita njia ile ile. Tangu miaka ya 1930, huko Amani katika milima ya Usambara, Storey na Nichols waliuzalisha muhogo na jamaa yake kutoka Brazil, mti ambao watu wa pwani huuita mpira. Uzao wa kwanza ulistahimili ugonjwa, lakini mizizi yake haikufaa kitu. Ukazalishwa na muhogo tena na tena, hata mizizi ikanona na nguvu ya mwitu ikabaki. Baadaye mbegu zake zilipelekwa Nigeria. Kutoka Ibadan wajukuu wakaja Uganda, na aina iitwayo Migyera ikavuka hadi mashamba yetu.

Hata hivyo, ndugu, msipande Migyera peke yake. Tangu 2004 ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha muhogo ungali ardhini, umeenea nchi za ziwa, na kinga ya batobato si kinga ya michirizi. Huko pwani yetu iko aina iitwayo Kaleso inayoustahimili. Hiyo nayo ni uzao wa Amani, na damu ya mpira imo ndani yake.