Shahada ya kemia: kijana arudi nyumbani na nini?

Mzazi ameuza ng'ombe, amekopa kwenye kikundi, na kijana ameenda chuo kikuu kusoma shahada ya kwanza ya kemia. Baada ya miaka 3 anarudi na cheti. Majirani wanauliza: huyu si daktari, si mwalimu, si mhandisi, sasa ni nani? Swali hilo tunaliona ni la haki, na leo tunalijibu kwa chupa moja ya maji.

Tuseme maji hayo yametoka kisimani, katika kijiji kilicho kandokando ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Ukiyatazama ni safi, na hayana harufu. Lakini sehemu nyingi za huko maji yana madini ya floraidi kupita kiasi, yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Floraidi ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na mtu akinywa nyingi kwa miaka mingi hata mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja.

Mhitimu wa kemia anatakiwa aweze kukwambia maji yako yana kiasi gani. Kubonyeza kitufe cha mashine hakutoshi, maana mashine hutoa namba hata ikiwa mbovu. Kwanza aipime mashine yenyewe, kwa maji ambayo floraidi yake anaijua tayari. Achukue sampuli kwa chupa ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floraidi hushambulia kioo. Apime zaidi ya mara moja. Kisha aseme namba aliyoipata inaweza kukosea kwa kiasi gani. Akipata 1.4, na kipimo chake kinaweza kukosea kwa 0.2 juu au chini, hana ruhusa ya kuwaambia wanakijiji kwamba maji yako chini ya kiwango. Kwa maoni yetu, hilo ndilo somo kubwa kuliko yote ya miaka hiyo 3, na kanuni za kukariri zinakuja nyuma yake.

Pia aweze kueleza sababu. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floraidi hubaki, na kila kikombe kinakuwa na nyingi zaidi ya mwanzo. Huko huko Arusha, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo huinasa floraidi, lakini baada ya muda hujaa na kuacha kufanya kazi, bila maji kubadilika rangi wala ladha. Ni lazima mtu apime tena.

Usalama nao asiusahau: asidi humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haichanganywi na asidi ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi inayoweza kuua.

Wasiwasi wetu uko kwenye maabara. Wanafunzi tisa wakimzunguka mmoja anayepima, hao tisa wamepata kuona tu. Na daftari la maabara lina uaminifu wake: namba iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja na kuachwa isomeke, haifutwi. Anayezoea kupika majibu chuoni ili yafanane na ya kitabu, kesho atayapika kwenye mamlaka ya maji, kiwandani au kwenye maabara inayopima sumukuvu katika mahindi yetu.

Basi mwanao akija likizo, muulize: muhula huu umepima nini kwa mkono wako mwenyewe? Jibu lilipokataa kutoka, ulifanya nini? Halafu mwoneshe maji ya kisima chenu. Hana mashine nyumbani, hilo linaeleweka. Lakini akuambie mchukue sampuli kwa chupa gani, muipeleke maabara ipi, na mkipewa karatasi ya majibu muulize nini kabla ya kuiamini.