Juu ya nini chumvi inabana maji?

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tunapoteza pointi katika kemia juu ya jambo hili: mtu anapima maji litri 1, anatia chumvi, halafu anaandika «litri 1». Si vile.

Chumvi ya jikoni gramu 58,5, ikiwa kavu, inashika nafasi ya sentimetri kibe 27. Ikiyeyuka katika maji mengi, inaongeza karibu 17 tu. Juu ya nini? Inagawanyika kuwa iyoni, vipande vidogo sana vyenye umeme, navyo vinavuta maji ya karibu na kuyabana. Njo maana maji ya chumvi ni magumu kubanwa tena kuliko maji matupu. Salfati ya manyezi, ikiwa kidogo, inapunguza hata ujazo wa maji yenyewe!

Joto nalo linafanya kazi yake. Litri 1 ya maji ya digri 20, ikifika digri 100, inakuwa karibu litri 1,04. Na sude kostike ikiyeyuka inapasha maji moto.

Basi, yeyusha kwanza katika maji machache, ngoja yapoe, kisha ongeza maji mpaka alama ya baloni. Hapo hesabu itatoka sawa, hata siku ya mtihani wa Serikali.