Tawi la Mwembe Halioti Kwenye Kitunguu

"Mtaalamu, kitunguu kiwe chekundu au cheupe?"

Swali hilo nimeulizwa gulioni, mlangoni mwa kanisa, na kwenye simu saa nne usiku. Safari hii aliyeniuliza ni mzee mmoja wa Mtinko, mkononi ana matawi matano ya embe aina ya Apple aliyotumiwa na mkwewe kwa basi. Matawi yenyewe mazuri, unene wa penseli, macho yamevimba. Alitaka kuyachomeka kwenye vitunguu, avifukie, apate miche mitano ya bure. Video aliiona kwenye simu ya mjukuu.

Rangi yoyote, mzee wangu. Utapoteza matawi, na kitunguu utakipoteza pia, hapa Singida ambapo kitunguu ni ada ya shule ya mtoto.

Simlaumu sana. Sisi tumelelewa na muhogo: unakata pingili, unachomeka, unakula. Marando ya viazi vilevile. Mnyaa ukivunja kijiti ukakichomeka mpakani, kesho kutwa ni ua. Hata zabibu za Dodoma huanza kwa pingili. Mtu aliyekulia humo anaona kila kijiti kina mizizi ndani yake, kinachosubiri unyevu tu. Mwembe haumo katika ukoo huo. Tawi lililokatwa kwenye mwembe mkubwa kutoa mizizi ni bahati nasibu hata ukilipaka homoni na kulinyunyizia ukungu wa maji mchana kutwa. Kitunguu hakiongezi chochote hapo. Kinaweka unyevu siku chache, kisha kinaoza, na uozo unapanda kwenye tawi. Wanaotumia ndizi mbivu au shubiri wanaoza kwa harufu tofauti tu.

Wengine hunijibu kwamba kitunguu kina mizizi yake, tawi litaitumia. Haiwezekani. Mimea miwili huungana pale tabaka jembamba lenye utelezi, lililo kati ya gome na mti, linapogusana na tabaka kama hilo la mwenzake. Kitunguu na mgomba, kama mahindi, havina tabaka hilo. Hata kati ya miti yenye nalo, undugu lazima uwepo: embe kwa embe, chungwa kwa limau. Picha ya mpapai unaozaa maembe ni kazi ya gundi na kompyuta.

Kisha linakuja neno linalonichosha kuliko yote: "Lakini langu lilichipua!" Ndiyo, lilichipua. Tawi lina akiba ya chakula na maji ndani yake, na macho yaliyokwisha kuvimba hufunguka hata ukiliweka kwenye chupa ya maji mezani. Likiwa na jicho la ua, litatoa hata maua. Akiba ikiisha, majani yananyauka, na mwenye video alikwisha kuzima kamera zamani. Fukua uangalie chini. Jani halithibitishi mzizi.

Na tuseme, kwa ubishi tu, mizizi imetoka. Ingekuwa mizizi ya pembeni, isiyo na mzizi mkuu unaozama. Huku kwetu mvua ikikata Aprili hairudi hadi Novemba au Desemba, na upepo wa Julai unakausha hata nguo iliyo ndani ya begi. Mwembe unavuka miezi hiyo kwa mzizi mkuu, na mzizi huo huletwa na kokwa.

Sasa yanayofaa, haraka: kubebesha, yaani kuunganisha tawi kwenye mche wa kokwa. Tawi hilo, tunaloliita kikonyo, likatwe kwenye mti unaozaa vizuri kwa misimu kadhaa. Cha mti ambao haujawahi kuzaa hakitakuharakishia lolote. Ondoa majani palepale, acha vishina vya majani vifupi, funga kwa kitambaa chenye unyevu, andika aina, usikubali kondakta akiweke juu ya injini. Kibebeshe ndani ya siku tatu au nne. Mche wa embe la kienyeji wenye unene uleule ukatwe, upasuliwe katikati. Kikonyo kichongwe kabari kwa kisu kikali, kizame, gome likutane na gome walau upande mmoja. Funga kwa nailoni, funika kwa kifuko cha aiskrimu, weka kivulini. Wiki tatu au nne utaona macho yakifunguka, na safari hii ni kweli.

Kwa machungwa punguzeni ukarimu wa kupeana vikonyo. Ugonjwa wa griningi upo nchini, hauna dawa, na husafiri ndani ya kikonyo. Mti wenye majani ya mabaka ya manjano yasiyolingana kushoto na kulia, na matunda madogo yaliyopinda, usikate kitu hapo hata kama ni wa shangazi. Kikonyo cha kutoka nje ya nchi kinahitaji kibali cha TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Nilimuuliza yule mzee: miche ya kokwa unayo? Hana. Tulipata miwili imejiotea jalalani kwa jirani. Matawi matatu yalikaukia kwenye gazeti. Kokwa hupoteza uhai upesi likishatoka kwenye tunda. Ukila embe Desemba, lipande kokwa wiki hiyohiyo, na mkweo mwambie atume tawi mvua zinazofuata.