Mke Temeke, Mume Reading: Viza ya Ndoa na Subira Yake

Na Mwandishi Wetu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mzaliwa wa Temeke, aliolewa mwishoni mwa Oktoba 2021. Mumewe ni Mtanzania mwenye kibali cha makazi ya kudumu nchini Uingereza, na kazi yake ni udereva wa basi la abiria katika mji wa Reading. Maharusi hao walikaa pamoja siku kumi na nane, kisha likizo ya bwana ikaisha. Walikuja kuonana tena Machi 2023.

Miezi kumi na sita si umri, lakini kwa watu waliooana jana ni muda wa kutosha kuzusha maneno. Mawifi walianza kuuliza kama ndoa hiyo ni ya kweli. Majirani walisema kwamba Mwalimu ameolewa na simu. Mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyenikaribisha sebuleni kwake Desemba 2025, aliniambia kwamba ilifika mahali akawa anakwepa kwenda harusini, kwa kuwa kila anayemsalimu humalizia kwa swali moja: "Na binti, bado yupo?"

Bwana hakuwa ametoroka, wala Mwalimu hakuwa amekosa bahati. Walichokuwa wanakisubiri ni viza ya mwenzi wa ndoa, na jambo hili linazigusa familia nyingi za mijini kuliko tunavyodhani. Vijana wetu wanaoishi London, Reading au Leicester hurudi nyumbani kuoa na kuolewa, nasi tukishakula pilau hudhani mambo yamekwisha.

Sheria inayotawala viza hiyo ilianza kutumika tarehe 9 Julai 2012. Ilimtaka mdhamini, yaani yule mwenzi aliyeko Uingereza, awe na kipato kisichopungua pauni 18,600 kwa mwaka, na zaidi akiwa na watoto wa kuwaombea pamoja na mama yao. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kwa waombaji wapya ni pauni 29,000, na nyongeza ya watoto ikaondolewa. Mshahara wa mwombaji aliyeko Dar es Salaam hauhesabiwi hata senti moja, awe mwalimu au meneja wa benki. Asiye na kipato hicho anaweza kutumia akiba, lakini akiba yenyewe kama ndiyo pekee ni pauni 88,500, nazo ziwe zimekaa benki miezi sita. Sijui dereva wa basi yupi mwenye fedha hizo.

Hapa ndipo ucheleweshaji wa Mwalimu ulipoanzia, na ulianzia kwao wenyewe. Mara baada ya harusi alikwenda kupima kifua kikuu, kwani Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo waombaji wake sharti wapimwe kwanza. Alipata cheti Novemba 2021. Mwezi uliofuata mumewe akahamia kampuni nyingine ya mabasi iliyomlipa vizuri zaidi. Jambo la heri, tungesema. Lakini njia ya kawaida ya kuthibitisha kipato humtaka mfanyakazi aonyeshe karatasi za mshahara za miezi sita kutoka kwa mwajiri yule yule, pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara huo huo ukiingia. Bwana akaanza kuhesabu upya. Miezi sita ilipotimia, cheti cha kifua kikuu, ambacho nacho huishi miezi sita tu, kilikuwa kimekwisha nguvu, na Mwalimu akarudi kupigwa picha ya mapafu mara ya pili kwa gharama yake.

Baadaye walikuja kuambiwa kwamba ipo njia ya pili kwa aliyebadili kazi, ambayo huangalia mapato ya miezi kumi na miwili iliyopita kwa jumla pamoja na mshahara wa sasa. Hakuna aliyewaeleza mapema. Kwa sababu hiyo namshauri kila mwenye mpango huu asome masharti yenyewe katika tovuti ya serikali ya Uingereza, ambako hayauzwi, kabla ya kumwendea mtu yeyote mwenye mkoba na ahadi.

Maombi yaliingia Julai 2022. Ahadi ya siku zote ilikuwa majuma 12 kwa maombi yaliyo wazi, lakini Mei ya mwaka huo huo ahadi ilipandishwa hadi majuma 24, kwa kuwa maofisa wengi walipelekwa kushughulikia watu waliokimbia vita vya Ukraine. Ahadi ilikuja kurudishwa kwenye majuma 12. Lakini majuma hayo ni lengo tu, wala si haki ya mtu. Ofisa akiona jambo lisilonyooka, huliweka faili kando na kumwandikia mwombaji kwamba shauri lake litachukua muda zaidi, bila kutaja muda gani.

Na nini hasa huwa hakijanyooka? Nilipozungumza na watu kadhaa waliopita njia hii, jambo lililojirudia kuliko yote lilikuwa majina. Sisi twaona ni kawaida mtu kuitwa Mwanahamisi katika cheti cha kuzaliwa, Mwana Hamisi katika cheti cha darasa la saba, Hamisa katika kitambulisho cha taifa, na katika cheti cha ndoa akaandikwa kwa jina la baba pekee kwa sababu shehe au katibu wa parokia alikuwa na haraka. Mjomba atakuambia huyo ni mtu mmoja, kila mtu anamfahamu. Lakini ofisa anayesoma faili hilo yuko Uingereza, hajui Temeke iko wapi, na mbele yake ana watu wanne. Dawa yake ni kuyalinganisha majina mapema, na kama hayalingani, kumwendea wakili kwa kiapo au hati ya kubadili jina kabla ya kupeleka maombi. Mambo haya yakifanywa faili likiwa limekwishaondoka, hugeuka maelezo, na maelezo huzaa maswali.

Cheti cha ndoa nacho kina mambo yake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za dini, za kiserikali na za kimila, na kutosajiliwa peke yake hakuivunji ndoa. Hata hivyo, huwezi kumpelekea ofisa wa ng'ambo wazee watatu wa ukoo waje kushuhudia. Hakikisheni kwamba ndoa imesajiliwa na cheti kimepatikana. Aliyewahi kuoa au kuolewa kabla aambatanishe talaka iliyosajiliwa au cheti cha kifo. Mume aliyekwisha kumpeleka Uingereza mke wa kwanza asitarajie wa pili kupokelewa huko, hata kama kwetu ndoa zote mbili ni halali. Na karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri.

Zaidi ya vyeti, wenzi hutakiwa kuonyesha kwamba uhusiano wao ni wa kweli. Mama yake Mwalimu aliliona hili kuwa tusi. "Tangu lini mapenzi yakawekewa risiti?" aliuliza. Lakini risiti ndizo zilizosaidia: stakabadhi za fedha za matumizi alizotumiwa bintiye, tiketi za ndege za bwana, picha za harusi zenye sura za wazazi wa pande zote mbili, na kurasa chache za mazungumzo ya simu kwa kila mwezi. Chache, nasisitiza. Wako waliochapa kurasa mia nne za "umeamkaje mpenzi", wakamchosha msomaji bila kumwongezea ushahidi.

Gharama zenyewe si za mfuko wa mfanyakazi wa kawaida. Ada ya maombi kutoka nje ya Uingereza ilifika pauni 1,938 Aprili 2025, na juu yake kuna ada ya huduma za afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya kwanza hufikia pauni 3,105. Maombi yakikataliwa, ada ya afya hurudishwa. Ile ya kwanza hairudi. Ipo pia huduma ya haraka kwa malipo ya ziada, lakini hununua nafasi ya mbele katika foleni tu. Faili lenye kasoro huweza kukataliwa haraka vile vile.

Basi mtu afanye nini majuma yakipita na hakuna jibu? La kwanza ni kutofanya mambo fulani. Jirani mmoja wa Mwalimu aliuza cherehani na jokofu, akarudisha chumba kwa mwenye nyumba, na mwezi uliofuata akapata barua ya kukataliwa. Mwalimu yeye hakuacha kazi mpaka pasipoti ilipokuwa mkononi yenye viza. Usinunue tiketi. Usijaribu kwenda kwa viza ya matembezi ili ukabadilishie huko. Kanuni haziruhusu kugeuza viza ya matembezi kuwa ya ndoa ukiwa ndani ya nchi. Wala usimpe fedha kishoka yeyote anayedai ana mtu ndani. Maombi ya namna hii huamuliwa Uingereza kwenyewe, wala wanaopokea karatasi zako Dar es Salaam hawana sauti katika uamuzi.

La pili, mdhamini awe macho. Muda wa ahadi ukishapita, anaweza kumwandikia mbunge wa jimbo analoishi, hata kama yeye si raia, na ofisi ya mbunge huuliza wizarani kwa niaba yake. Kwa Mwalimu, hatua hiyo ilichukuliwa Januari 2023, na jibu lilikuja Februari. Kama ni barua ya mbunge au zamu tu ilikuwa imefika, hawajui hadi leo. Ucheleweshaji uliopita kiasi unaweza kufikishwa mahakamani, ingawa hapo wengi huhitaji wakili, na wakili ni fedha. Na likija jibu la kukataliwa, aliye nje ya Uingereza ana siku 28 za kukata rufaa kwa misingi ya haki ya maisha ya familia. Lakini kama kosa lilikuwa karatasi iliyosahauliwa, wengi huona ni afadhali kuomba upya, kwani foleni ya rufaa yaweza kuwa ndefu kuliko ya maombi.

Ugumu huu haukuanza jana. Katika miaka ya 1980 mwombaji alilazimika kuthibitisha kwamba kuingia Uingereza si kusudio kuu la ndoa yake, sharti lililotenganisha familia nyingi za bara Hindi hadi lilipofutwa Juni 1997. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza iliwabagua wanawake kwa kuwawekea masharti magumu kuliko wanaume katika kuwaleta wenzi wao. Serikali ikasawazisha kwa kuyafanya masharti ya wanaume kuwa magumu vile vile. Na Februari 2017 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikubali kwamba kiwango cha kipato ni halali, ila ikasema kanuni hazikujali vya kutosha maslahi ya watoto.

Viza ya kwanza ni ya miezi 33. Kabla haijaisha huombwa nyongeza ya miezi 30, na baada ya miaka mitano ndipo makazi ya kudumu huombwa. Mwalimu aliomba nyongeza Septemba 2025, kwa kiwango kile cha zamani cha kipato, kwa kuwa waliokuwa wamekwisha kuingia katika njia hii hawakuguswa na ongezeko la 2024. Majuma mawili baadaye mama yake alilazwa. Aliyeomba nyongeza akitoka nje ya nchi kabla ya uamuzi, maombi yake huhesabiwa kuwa yamefutwa. Akabaki Reading, akipiga simu wodini asubuhi na jioni.

Jibu lilitoka Novemba. Alipofika Temeke mama alikuwa amekwisharuhusiwa kurudi nyumbani, akitembea kwa mkongojo. Nilipoaga, Mwalimu alikuwa mezani akipanga karatasi za mshahara za mumewe kwa miezi, akiziweka katika bahasha kwa ajili ya mwaka 2028.