KICHEKO KWENYE KITI CHA UTAWALA
Vichekesho vya siasa Uganda na Kenya, na yaliyowapata waliovitunga

Dabani iko upande wa Uganda, si mbali na mji wa mpakani wa Busia. Wengi wa wakazi wa sehemu hizo ni Wasamia, na ndugu zao wa damu na wa lugha wako ng'ambo ya pili, katika Kenya. Mpaka uliochorwa na wakoloni uliwagawa wenye ukoo mmoja, lakini haukuweza kuzigawa harusi zao, matanga yao wala mizaha yao. Kwa sababu hiyo mwenyeji wa Dabani, wa Busia au wa Tororo ana nafasi njema ya kuzitazama serikali mbili kwa pamoja, na kuzipima kwa swali moja: ni nani aliyeweza kuchekwa hadharani, na ni lipi lililompata aliyewachekesha watu?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki babu na mjukuu hutaniana, na zipo koo na makabila yenye utani wa tangu kale. Mtani anaweza kumwambia mkubwa aibu yake mbele ya watu, naye mkubwa hana budi kucheka, kwani akikasirika ndiye anayepata hasara. Michezo ya kuigiza ilipoenea mijini ilirithi kazi ya mtani. Ila kinga ya mtani haikurithiwa pamoja nayo, na hapo ndipo historia hii inapoingia majonzi.

MCHEZO WA WANKOKO

Mwaka 1971, mwaka ule ule ambao Idi Amin alimpindua Milton Obote, mchezo wa Kiganda uitwao Oluyimba lwa Wankoko ulionyeshwa kwa mara ya kwanza. Mtungaji wake alikuwa Byron Kawadwa, ambaye baadaye aliliongoza Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Kampala. Ni mchezo wa nyimbo na mizaha unaosimulia habari za kasri, na za mtu mwenye tamaa anayefanya hila juu ya kiti kisicho chake.

Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Mei 1966 Obote alikuwa ametuma jeshi kulishambulia kasri la Kabaka Mutesa wa Pili, na Kabaka akakimbilia Uingereza ambako alifariki mwaka 1969. Aliyeliongoza shambulio hilo alikuwa Amin mwenyewe. Lakini mwaka 1971 lawama yote ilikuwa juu ya Obote, naye alikwisha kuondoka. Kumcheka aliyekwisha kuanguka hakumgharimu mtu kitu.

Miaka ikapita. Maneno ya mchezo yalibaki yale yale, ila kiti kilikuwa na mwenyewe mpya, naye pia alikuwa amekitwaa kwa nguvu. Kila aliyekisikia kisa cha Wankoko sasa aliweza kumwona mtu mwingine kabisa. Ndiyo tabia ya kichekesho cha siasa: hutungwa kwa ajili ya mkubwa mmoja, kisha kikamwenea anayemfuata kama vazi lililoshonwa kwa kipimo chake.

LAGOS, 1977

Januari na Februari 1977 mataifa ya Waafrika na ya watu wenye asili ya Afrika yalikusanyika Lagos, Nigeria, kwa tamasha kuu la sanaa na utamaduni lililojulikana kwa jina la FESTAC. Uganda ilipeleka Oluyimba lwa Wankoko. Miongoni mwa michezo iliyopelekwa na Kenya ulikuwamo Betrayal in the City wa Francis Imbuga, mzaliwa wa Kenya ya magharibi, mchezo ambao baadaye ulifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Usaliti Mjini.

Imbuga aliiweka hadithi yake katika nchi ya kubuni iitwayo Kafira. Mwenye kuzipanga upya herufi za jina hilo atapata Afrika. Nchi hiyo inatawaliwa na mtu aitwaye Boss, na karibu naye yupo jamaa yake Mulili, mwanajeshi asiyejua lugha ya wakubwa ila anayejua sana kupokea zawadi zao. Kila Mulili afunguapo kinywa watu huangua kicheko. Lakini yumo pia Jere, askari aliyetiwa gerezani kwa kufuata dhamiri yake. Mwishoni, katika mchezo unaoigizwa na wafungwa mbele ya mtawala, Mulili ndiye anayekuwa wa kwanza kumkana bwana wake. Askari na polisi wanaousoma mchezo huu watawatambua wote wawili, maana hakuna kambi isiyowahi kuwa na Mulili wake na Jere wake.

Michezo miwili ilitoka pande mbili za mpaka mmoja, ikaonyeshwa katika tamasha moja, na yote miwili ilihusu madaraka yaliyopotoka. Imbuga alirejea nyumbani, akafundisha vyuoni, akatunga mingine, na mchezo wake ukawa kitabu cha kusomwa katika shule za sekondari za Kenya. Alifariki mwaka 2012. Kawadwa alirejea Kampala, na muda mfupi baadaye, mwaka huo huo wa 1977, akakamatwa na watu wa usalama wa Amin na kuuawa.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Kenya ya siku zile ilikuwa bustani ya watani. Mwaka huo huo, mnamo Novemba, serikali ilipiga marufuku Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikikuyu wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ulioigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu karibu na Limuru. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila ya kuhukumiwa. Imbuga alisema kwa Kiingereza juu ya nchi isiyokuwapo. Watu wa Kamiriithu walisema kwa lugha ya mama juu ya ardhi waliyoikanyaga. Wakubwa waliitambua tofauti hiyo upesi.

KICHEKO CHA MBALI

Wakati huo walikuwapo pia waliocheka kwa salama. Katika Uingereza gazeti la Punch lilichapisha makala za Alan Coren zilizoiga usemi wa Amin, zikakusanywa katika kitabu mwaka 1974, na mwaka uliofuata zikatolewa katika sahani ya santuri. Wasomaji wa London walimwona Amin kama mchekeshaji mnene mwenye nishani nyingi. Lakini Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, huyu wa mwisho akiwa mtu wa Tororo. Serikali ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Mzaha unaomfanya dhalimu kuwa kikaragosi unaweza kuificha damu badala ya kuifichua. Anayecheka akiwa karibu huujua uzito wa anachokicheka.

MZAHA WA NYUMBANI

Katika enzi ya chama kimoja vichekesho vya redio na televisheni ya taifa ya Kenya vilikaa zaidi nyumbani na mahakamani, kama katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang' na Mama Kayai waligombana juu ya fedha, wageni na majivuno, na Rais hakutajwa. Lakini Wahome Mutahi alitumia nyumba hiyo hiyo kusema makubwa. Katika makala zake za gazetini zilizoitwa Whispers alimchora mume anayejidhania mtawala, na mke aliyepewa jina la Thatcher, kama yule Waziri Mkuu wa Uingereza. Mutahi alifungwa mwaka 1986 kwa tuhuma za uchochezi.

Kenya iliporejea katika vyama vingi Desemba 1991, woga ulianza kulegea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha Redykyulass kiliiga sauti na mwendo wa Rais Moi katika televisheni, jambo ambalo miaka 10 nyuma lingempeleka mtu kizuizini. Mwaka 2009 mchoraji Gado alianzisha The XYZ Show, ambamo vikaragosi vya mpira vilichukua sura za viongozi. John Kiarie wa Redykyulass aliingia Bungeni mwaka 2017, na hivyo aliyekuwa akicheka akawa wa kuchekwa.

Katika Uganda, Alex Mukulu aliipitia miaka 30 ya uhuru katika mchezo wake Thirty Years of Bananas, mwanzoni mwa miaka ya 1990, akawaonyesha watawala mmoja baada ya mwingine. Watu walijaza ukumbi, wakayacheka yaliyowaliza. Lakini Julai 2020 wasanii wa kikundi cha Bizonto walizuiliwa na polisi kwa siku kadhaa, kwa sababu ya kichekesho kilichotaja wakuu wa vyombo vya dola na sehemu wanakotoka. Waliachiwa wakiwa hai, na hiyo ni tofauti kubwa na mwaka 1977. Hata hivyo walikuwa wamezuiliwa kwa mzaha.

KAZI YA MLINZI WA AMANI

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 29, inalinda uhuru wa kusema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa sanaa, na papo hapo inakataza uchochezi wa ghasia na maneno ya chuki. Mpaka upo, basi, nao ni kati ya anayemcheka mwenye nguvu na anayewachochea watu wamdhuru jirani.

Anayetumwa kumkamata mchekeshaji hana budi kuujua mpaka huo kama vile askari wa Busia anavyoujua ule wa nchi. Waliomchukua Kawadwa walipewa amri, wakaitimiza. Amin aliondolewa Kampala Aprili 1979, miaka miwili tu baadaye, na majina ya waliotii hayaimbwi na mtu. Jina la Wankoko lingali linatajwa.

Nyumbani nako mtoto huiga mwendo wa baba, sauti ya mwalimu na amri za mkuu wa kambi. Mzazi anaweza kumnyamazisha kwa kofi, au anaweza kucheka kwanza, kisha akajitazama kama kweli ndivyo anavyotembea.